Nangoja Mtu

Wealdstow, Sikukuu ya Mishumaa

Kwa dada yangu Leofrun, mtawa wa Alrewic,

Amani ya Kristo iwe nawe na nyumba yenu nzima. Mimi sijambo, ila vidole vimepasuka kwa baridi na wino unaganda ndani ya pembe kabla sijamaliza mstari.

Nina habari niliyoikalia tangu Krismasi kama kuku mwenye mayai. Abati Wulfsige amekubali tutengeneze kitabu cha nyimbo kwa lugha yetu. Si Kilatini, dada. Ni lugha hii hii tunayogombania nayo mkate. Wazee kadhaa hapa wamenuna. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzangu kama ndama wa monasteri wanachunwa ngozi ili tuandike nyimbo za walevi. Abati akamjibu kwamba hata walevi wana roho, lakini baadaye aliniita pembeni akanionya. Kila wimbo utakaoingia lazima umfae msomaji mbele ya Mungu. Vita vya mashujaa, sawa, mradi vifundishe kwamba dunia inapita. Mambo ya mume na mke, hapana.

Basi nisaidie. Hapa kila mtu anajua nyimbo zile zile, na kila mtu anadhani ya kwake ndiyo sahihi. Ninyi huko mabwawani mna nyimbo ambazo hakuna mkono uliowahi kuziandika. Mama alikuwa na wimbo kwa kila kazi, wa kukamua, wa kuanika samaki, hata wa kumtoa bata kwenye kiota. Mwache aimbe, wewe uandike. Ceolla mwenye punda wa chumvi atakuletea barua hii, na atarudi huku kabla ya Pasaka.

Nasikia mjini kwenu mambo yalikuwa mazito siku ya Mtakatifu Brisi, Novemba iliyopita, mfalme alipoamuru Wadeni, hawa watu wa ukoo wa ng'ambo ya bahari, waondolewe duniani. Nawaombea ninyi nyote. Lakini sitakudanganya, dada. Nilipomkumbuka Baba alivyorudishwa kutoka kwenye mdomo wa mto, amefunikwa tanga la merikebu yao, sikuwalilia Wadeni.

Mnisalimie Mama.

Ndugu yako mdogo,
Osgar


Alrewic, wiki ya tatu ya Kwaresima

Mdogo wangu Osgar,

Barua yako imefika ikinuka punda mpaka mama mkuu akauliza nani kaingia na viatu. Nimeifurahia hata hivyo. Kwa hiyo leo lugha yetu nayo inalazwa kitandani. Miaka yote imekuwa ikilala jikoni.

Mama hayuko vizuri. Kwaresima ni Kwaresima, sote tumekonda, lakini yeye alianza kufunga kabla ya kanisa. Anakaa mlangoni mwa nyumba yake, hapa kando ya ukuta wetu, tangu asubuhi anatazama mfereji unakotokea mitumbwi. Ukimwuliza anasema anaota jua. Jua gani, Osgar, mwezi wa Machi, huku kwetu? Masista wanamletea uji, anashukuru vizuri sana, kisha uji unapoa.

Kwenye kipande hiki cha ngozi nimekuandikia wimbo wake mmoja. Ni wa zamani, wa upande wa bibi. Usidharau ngozi yenyewe. Ni ukingo uliokatwa kwenye kitabu cha Zaburi, hauzidi kiganja, na mama mkuu kanipa kwa shingo upande. Ndiyo maana nimebana maneno kama dagaa. Lile neno linalorudi mwishoni mwa kila ubeti sikuliandika lote, nimeweka herufi yake moja ya kuchonga, zile za babu zetu za kabla ya mapadri. Utaijua tu.

Mama ana ombi moja. Wimbo usilale kitabuni. Anasema ninyi mko kwenye barabara kuu, waimbaji wa mabwana wanalala kwenu, wachuuzi wanapita wakienda bandari za kaskazini. "Mwambie Osgar awape wauchukue," alisema, "waende nao mbali kadiri miguu yao itakavyowafikisha." Nikamwuliza kwa nini mbali. Akaniambia nikachemshe maji.

Dada yako,
Leofrun


Wealdstow, Jumapili baada ya Pasaka

Dada yangu mpendwa,

Mungu akubariki wewe na bibi yetu alikolala. Sijui nianzie wapi.

Wimbo wenu niliusoma mbele ya Abati siku ya Ijumaa Kuu, tukiwa tumekaa kimya na matumbo matupu. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. Yule mzee mwenye uchungu wa ndama alijifuta pua kwa mkono wa kanzu yake, na tangu siku hiyo ananisalimia. Wazia, dada. Mwanamke yuko peke yake mabwawani, bata wamekwenda, taa ameitundika, tandiko amelitandaza, na anangoja siku. Siku ya Bwana, siku ya hukumu, pale taa zote zitakapoulizwa mafuta. Mtu asiyejua kusoma aliwezaje kufika mbali namna ile? Abati anasema huu ndio ushahidi kwamba Roho hasubiri mtu ajifunze Kilatini.

Jambo moja dogo. Ule mstari wa kurudia ulikuwa unachechemea. Sikushangaa, wimbo ukizeeka hung'oka meno kama mtu. Nimeutengeneza kidogo ili sauti zikutane. Sasa unakwenda hivi:

Saa zimesinzia, sala imesimama, nangoja siku.

Nadhani bibi angeridhika. Umeingia kitabuni, kwenye ukurasa mzuri usio na tundu hata moja, mara tu baada ya sala za marehemu. Na ombi la Mama nimelitimiza. Waimbaji wawili wa bwana mmoja wa kusini wamekwisha kuujua kwa moyo na wameondoka nao. Mwambie ale uji sasa, wimbo wake unatembea.

Ndugu yako mwenye furaha,
Osgar


Alrewic, siku ya Msalaba, mwezi wa Mei

Osgar,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikatafuta pa kukaa.

Siku gani? Nani kakuandikia siku? Sikiliza, nikufundishe kama nilivyokufundisha kufunga kamba za viatu. Fimbo mbili zimesimama, na kati yake msalaba. Msalaba ukienea kutoka kichwani mpaka miguuni mwa fimbo, hiyo herufi jina lake ni siku. Msalaba ukikaa juu tu, kama watu wawili walioshikana mabega, jina lake ni mtu. Mimi nimeandika mtu. Wino ulitambaa kidogo chini, nakubali, ngozi ile ilikuwa na mafuta. Lakini wewe una macho mawili na pia una masikio, na hayo masikio uliyaweka wapi? Nyimbo zetu hufungwa vichwani mwa maneno. Maneno mazito ya mstari yaanze na sauti moja, la sivyo mstari unaanguka. Hata mtoto anayechunga bata anajua. Mama aliimba:

Bata wamehama bondeni, baridi imebisha.
Taa nimeitundika, tandiko nimelitandaza.
Mvua imemeza mashamba, moyo umelowa, nangoja mtu.

Mvua, mashamba, moyo, mtu. Kuna mguu gani unaochechemea hapo? Ulipoweka siku yako ukaona mstari umevunjika, badala ya kujiuliza umekosea wapi ukamtengenezea Mama wimbo wake. Mama, nasema, si bibi. Hapo ni zamu yangu kuinamisha kichwa. Wimbo ule si wa zamani. Ameutunga msimu huu wa baridi, mlangoni pale pale. Nilikuficha kwa sababu nilijua utakavyokunja uso.

Mtu anayengojwa anaitwa Toki. Anachonga vitana vya pembe, vya kuchania nywele, na ni mjane mwenzake. Tangu mwaka juzi walikuwa wamekubaliana, padri wa mjini alijua, wewe tu hukuambiwa. Ndiyo, ni Mdeni. Siku ya Brisi watu wa mjini walipokuja na mashoka alikimbia kwa maji, na hakuna aliyemwona tena, mzima wala maiti. Mama anataka wimbo umfikie popote alipo, ajue bado anangojwa, ajue kwamba mlango haukufungwa. Toki hajui kusoma. Hiyo ndiyo barua ambayo angeweza kuipata.

Na sasa inatembea barabarani ikisema siku. Ataisikia katika ukumbi fulani, atasema ni wimbo wa watawa, ataendelea kunywa bia yake.

Rekebisha, mdogo wangu. Upesi.

Leofrun


Wealdstow, Pentekoste

Dada Leofrun,

Barua yako nimeipata.

Mdeni. Nilikuwa na umri wa kushika pindo la Mama walipomteremsha Baba kwenye mashua. Mama alinifunika macho kwa kiganja akaniambia nisitazame. Vidole vyake vilikuwa na nafasi katikati, nikatazama. Mwaka uliofuata nililetwa hapa. Yote niliyonayo ya kwangu, nje ya kanzu hii, ni ile picha.

Ukurasa umekwisha kuandikwa na wino umekauka. Wimbo kama ulivyo unamfaa Mungu, unawafaa wanaousikia, na ungemfaa Mama pia kama angekubali. Angoje siku, kama sisi wote. Nikimwambia Abati kwamba ule ni wimbo wa mwanamke wa mabwawani anayemlilia Mdeni, hautabaki wimbo wala kitabu.

Usiniombe tena jambo hili.

Osgar, mtawa


Alrewic, Sikukuu ya Yohane Mbatizaji

Mdogo wangu,

Sikuhubirii, wewe ndiye uliyesomea kazi hiyo. Nilimsomea Mama barua yako. Nilikusudia kuruka sehemu, na nikaruka, naye akasema, "Soma na hiyo uliyoimeza." Ikabidi nisome. Aliposikia habari ya vidole vyake kuwa na nafasi aliitazama mikono yake muda mrefu. Hakulia, lakini amenitaka niandike haya. Yanayofuata ni maneno yake, mimi ni mkono tu.

"Osgar mwanangu. Baba yako nilimpenda, na sitamwacha mtu yeyote aseme vinginevyo, hata wewe. Nilimwosha mwenyewe. Nilimzika, na ninajua alipo. Nikitaka kuzungumza naye nachukua kigoda naenda. Huyu mwingine sijui alipo. Mtu ukilijua kaburi lake unapata usingizi. Usipolijua, kila mbwa akibweka unafungua mlango.

"Toki hakuja na merikebu. Aliyekuja ni babu yake. Na babu za babu yako nao walikuja na merikebu, wakawakuta watu hapa, tusidanganyane. Toki alikuja kwangu kuniezekea paa baada ya dhoruba. Likavuja. Akarudi akalitengeneza, likavuja tena. Mwaka mzima alikuwa anarudi kwa ajili ya paa lile, mpaka nikaelewa kwamba paa halikuwa na shida yoyote. Nilicheka, mwanangu. Tangu baba yako afe nilikuwa sijacheka mpaka nikashika mbavu.

"Siku ile ya mashoka mimi ndiye niliyemsukuma ndani ya mtumbwi wa kuvulia mikunga. Hakutaka kwenda. Nikamwambia nenda, pakitulia nitakuita. Sasa pametulia. Wakubwa wa mjini wanasema waliosalia warudi kwenye kazi zao, hakuna atakayewagusa, hata vitana hatuna. Nitamwitaje? Mimi sijui kuandika, yeye hajui kusoma. Najua kuimba. Wewe unadhani ule ni wimbo wa mapenzi. Ni mwito. Na wewe umeuchukua mwito wangu ukampelekea Mungu, ambaye hakupotea.

"Sikukasirikii. Ulikuwa mdogo, nami nilikupeleka mbali. Nilidhani huko watu wa merikebu hawatakufikia. Kula vizuri."

Hayo ndiyo maneno yake. Akaniambia nisiongeze chochote, nami siongezi. Ila ujue uji bado unapoa.

Leofrun


Wealdstow, Sikukuu ya Mikaeli Malaika Mkuu

Dada yangu Leofrun, na Mama,

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika mahubiri, nikayafuta. Meza yangu ingekuwa na sikio ingeniomba nihame.

Baada ya mavuno nyumba moja jirani ya watawa iliuomba ule wimbo, nikapewa kazi ya kuunakili. Nikaufikia mstari wangu. Saa zimesinzia, sala imesimama. Niliuandika, nikausoma kwa sauti kama ilivyo desturi yetu, na kwa mara ya kwanza nikausikia. Ni mstari safi. Hauna kosa hata la nukta. Ndio ubaya wake, dada, hakuna mtu ndani. Kisha nikausoma ule wa Mama, na sikuusoma kwa sauti yangu. Ulitoka kwa sauti yake, ile aliyokuwa akiimbia ng'ombe, akivuta pumzi kabla ya neno la mwisho. Nilikuwa nimeisahau. Nilidhani kwamba kumbukumbu niliyonayo ni ya tanga lile peke yake. Nikakaa pale nikalia kama mpumbavu, na ndugu wa meza ya pili akaniuliza kama nimejikata.

Nikachukua kisu cha kukwangulia. Nilikwangua mstari wangu kitabuni polepole mpaka ngozi ikawa nyeupe, nikaandika wa Mama, na mwishoni nikaweka fimbo mbili na msalaba juu, mabega yakiwa yameshikana vizuri. Sikumwambia mtu.

Siku ya karamu ya mavuno ukumbi ulijaa. Meza ya juu kulikuwa na mabwana na wake zao, meza ya chini wachuuzi wa barabarani. Abati akasema, "Osgar, waimbie ule wimbo wetu wa Siku ya Bwana." Nikafungua kitabu, ingawa sikukihitaji. Nikaimba nangoja mtu. Ubeti wa kwanza Abati alinyanyua macho. Wa pili akaweka kikombe chini. Nilijua ningeweza bado kurudi, ningesema ulimi umeteleza, lakini nikaendelea mpaka mwisho.

Kisha mama mmoja wa meza ya juu, ambaye mume wake alikufa kwenye mdomo wa mto ule ule alikokufa Baba, akasema kwa upole, "Rudia, kijana wangu." Nikarudia. Meza ya chini ikaanza kuitikia mstari wa mwisho.

Abati aliniita asubuhi. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake.

"Hii ni siku au ni mtu?" akaniuliza.

"Ni mtu, baba."

"Mtu gani?"

Nikamweleza yote. Toki, vitana, paa, mtumbwi. Nilipofika kwenye paa niliona mdomo wake ukitaka kucheka, akauzuia.

"Unaijua amri iliyotoka kwa mfalme juu ya watu hao."

"Naijua."

"Na unajua nilichowaahidi wazee juu ya kitabu hiki."

"Najua, baba."

Akachukua kisu changu akaukata ukurasa, yeye mwenyewe, taratibu sana ili asiumize kurasa za jirani. Nadhani ilimuuma. Ukurasa ule hakuutupa motoni, aliukunja akauweka kifuani mwa kanzu yake, na sikuthubutu kumwuliza ni kwa nini. Mimi nimetolewa kwenye chumba cha kuandikia. Sasa nachunga kondoo upande wa mlima. Sijaonewa, nilivunja ahadi isiyokuwa yangu kuivunja. Na kondoo si wabaya, ila hawakubali kuharakishwa, wamefanana na wewe.

Mwambie Mama ukweli wote. Kitabuni hamna tena wimbo wake. Lakini asubuhi ile ya kuondoka wageni nilipita uani, nikawakuta wachuuzi wa kaskazini wanafunga mizigo huku wanauimba. Mmoja alikosea ubeti wa kwanza, mwenzake akamrekebisha akamwita kichwa cha mbuzi. Walikuwa wanasema mtu.

Mwanao na ndugu yako,
Osgar


Alrewic, Sikukuu ya Maria Kupashwa Habari

Osgar mdogo wangu,

Kaa chini kwanza. Kama kondoo wamekusumbua, waache wasumbue.

Nilipomwambia Mama mwezi ule wa Mikaeli kwamba ukurasa umekatwa, alisema, "Kitabu hakina miguu," akageukia mlango wake. Msimu wote wa baridi ulikuwa hivyo. Katikati ya Desemba alipata homa ya kifua, nikakuficha, na usinikasirikie, ungefanya nini kutoka mlimani? Alipona, lakini alirudi mwepesi. Nilikuwa nambeba mwenyewe kumtoa nje, Osgar, bila kumwita sista mwingine. Hapo niliogopa kweli.

Juzi akaja mwanamke wa kaskazini anauza mawe ya kunolea visu. Simjui, hajawahi kupita kwetu. Alikaa kisimani ananywesha farasi wake, na huku ananywesha anaimba. Bata wamehama bondeni. Nilikuwa na kapu la vitunguu, nikaliweka chini pale pale njiani. Kila ubeti ulikuwa mahali pake. Kisha alipofika mwisho hakunyamaza. Aliongeza mistari ambayo si Mama aliyeitunga wala si wewe:

Mawimbi yamenimwaga, mtu bado ni mzima.
Kisiwani kwa kaka, kibandani karibu na chiriche.

Nikamwuliza ameutoa wapi. Akasema huko kwao bandarini unaimbwa hivyo, kila mtu anauimba hivyo, kwani sisi tunauimbaje? Nikamshika mkono nikamleta mlangoni kwa Mama, na farasi akafuata mwenyewe.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Mimi, nawe unanijua, nilishindwa kunyamaza. Nikasema mistari hiyo ameiongeza mlevi fulani, maana ule wa mwisho unachechemea. Kisiwa, kaka, kibanda, karibu, halafu chiriche, neno letu la kusema kanisa, linaingia na sauti nyingine kabisa. Hakuna mwimbaji wa watu wetu angefunga mstari namna hiyo.

Mama akasema, "Hauchechemei. Mnautamka kwa mdomo wenu."

Akautamka yeye, polepole, na neno la mwisho akalisema kama wanavyolisema Wadeni. Kisiwani kwa kaka, kibandani karibu na kirki. Mstari ukasimama. Yule mwanamke wa mawe akafungua mdomo, nami nikaufungua wa kwangu. Mama alijifunika uso kwa aproni na mabega yakaanza kutikisika. Nilikimbia nikidhani analia. Alikuwa anacheka, Osgar, ameshika mbavu. "Mwaka mzima nilimfundisha kulisema neno lile," akasema, "mwaka mzima, na hakuliweza."

Kisha akalia, akatulia, akaomba chakula. Alikula samaki mkunga mzima na mkate, akakombeleza bakuli, akamwambia sista aliyemletea kwamba chumvi haikutosha. Kaka yake Toki yuko kisiwani upande wa kaskazini, padri wa mjini anakijua, na kanisa huko ni moja tu. Mama mkuu amenipa ruhusa nimsindikize. Tutaondoka baada ya Pasaka na Ceolla, kwa sababu punda wake amezoea wanawake wanaosema sana.

Tutapita Wealdstow. Nilimwambia Mama kwamba huenda Abati asikuruhusu kushuka mlimani kutuona, na labda tusikusumbue, maana safari hii ni ya kumtafuta mtu wake. Akaniangalia kama nilivyokuangalia mimi uliposoma siku.

"Mwandikie Osgar," akasema, "kwamba nilipotunga wimbo ule sikusema ni mtu gani. Nimemngoja na yeye tangu nilipompeleka. Aje barabarani."

Dada yako,
Leofrun